Mkanda wa Mwanjelwa

Mjomba wangu aliungulia ndani ya basi, kwenye mteremko wa kuelekea Uyole, mimi nikiwa kidato cha pili. Mochwari, mama alimtambua kaka yake kwa chuma cha mkanda. Alikuwa na uhakika, maana waliununua pamoja soko la Mwanjelwa, kwetu Mbeya. Shida ni kwamba mikanda ile ilikuwa ikiuzwa kwa mafungu. Nusu ya vijana wa mjini walikuwa nayo.

Sasa niko Uingereza. Jengo la Grenfell lilipoungua London, Juni 2017, likaua watu 72, nilikereka: hawa wanakaa na maiti hadi lini? Ilifika Novemba ndipo polisi wakasema wamemaliza kuwatambua. Mkanda au pete peke yake haikutosha. Walitaka alama za vidole, meno au vinasaba. Kwetu maiti ikikaa siku nne, maneno yanaanza chini ya turubai.

Nisiwasifie sana lakini. Jirani yangu hapa alifiwa, akakaa wiki tatu peke yake akisubiri tarehe ya mazishi, hakuna hata wa kumchemshia uji. Mbeya angekuwa na kina mama ishirini jikoni na mtu wa daftari la michango. Hilo silibadilishi na maabara yoyote.

Haraka ya kuzika tubaki nayo, ila maiti isiyotambulika kwa sura ichukuliwe sampuli ya vinasaba kwanza. Moto ukishakula nyama, jino na mfupa mnene ndivyo vyenye matumaini. Namba ya sampuli iwe ndiyo namba ya kaburi. Ndugu nao wapanguswe shavuni kwa ndani, dakika moja tu, ili vinasaba vyao vilinganishwe na vya maiti. Mzazi au mtoto ndiye bora. Hata tone la damu likikaushwa kwenye karatasi maalumu hudumu miaka bila friji, kwa hiyo umeme kukatika si kisingizio. Lori la mafuta lilipolipuka Morogoro, Agosti 2019, sampuli zilichukuliwa kabla ya watu kuzikwa makaburi ya Kola. Na Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye maabara yake ndiyo hupima vinasaba, ana ofisi ya kanda hapo hapo Mbeya. Mimi nazihofia zile ajali za watu kumi, zisizoleta waziri.

Jumapili nilimwambia mama kwamba hata leo mfupa unaweza kutoa jibu. Akanyamaza, nikadhani bando limekata.

"Na wakikuta siyo yeye," akasema, "hayo maua nimempandia nani?"