Matope ya Majani ya Chai

Nina miaka 41 na bado nacheza na vijeshi. Naam, nimesema.

Askari wangu wana urefu wa milimita 28, na wanapigania handaki la Somme, Ufaransa, mwaka 1916, Vita vya Kwanza vya Dunia, juu ya meza yetu ya chakula hapa Nyalenda, Kisumu. Handaki lazima lipindepinde. Mahandaki yalichimbwa hivyo ili kombora likitua ndani mlipuko usifagie mstari mzima. La kwanza nililichonga kwa ile foamu nyeupe inayokuja ndani ya katoni ya televisheni, nikalipulizia rangi ya mkebe. Rangi ikaila foamu kama mchwa. Jioni hiyo sikula.

La pili nililipaka gundi ya maseremala kwanza, likasimama. Nikatandika vijiti vya aiskrimu chini, askari wapate pa kukanyaga. Kilichobaki kilikuwa matope, na hakuna matope mazuri kama majani ya chai yaliyokwisha kutumika. Unayachanganya na gundi na rangi ya kahawia, unapata udongo wenye mabonge, wa kweli kabisa. Ila yakauke sawasawa, la sivyo yataota ukungu. Basi wiki mbili nikawa nachuja, nakamua, naanika kwenye sinia dirishani kama omena.

Ndipo Shangazi akaja kutoka Bondo, bila kupiga simu, kama kawaida yake. Mimi kazini, mke wangu Kibuye sokoni. Akaona sinia. Akajipikia.

Nilimkuta ameketi na kikombe cha chai nyeupe pe. Jani moja lilikuwa likielea juu, limechoka.

"Nyathina," akasema polepole, "tangu lini?"

"Tangu lini nini, Shangazi?"

"Mnarudia majani."

Nikacheka. Hapo ndipo nilipoharibu. Nikamweleza kwamba hayo si ya kunywa, ni matope. Akauliza matope ya nini. Nikamwonyesha handaki. Akalikodolea macho, akamwinua askari mmoja kwa vidole viwili, vile mtu anavyomtoa ng'ombe kupe, akamrudisha.

"Kazi ungali nayo?"

"Ninayo."

"Mhm."

Jumatatu usiku nikajikuta nimeondolewa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Nikadhani simu ina matatizo. Kumbe walikuwa wananichangia, na mchangiwa hakai kikaoni. Pesa zikaanza kuingia kwa M-Pesa: mia mbili, mia tano, hamsini ya binamu ambaye mwenyewe ana deni langu. Niliwapigia mmoja mmoja kuwaeleza. Kila nikitaja handaki, mtu anakaa kimya, halafu ananiuliza kwa upole kama usiku napata usingizi. Mke wangu aliacha kunitetea siku ya pili. Alisema wanachouliza si kibaya.

Ijumaa mjomba wetu anayefanya kazi Kericho akafika na kilo nne za majani ya chai, akaomba tusimame tushikane mikono. Sala yake haikuwa fupi. Mimi nimeinamisha kichwa, napiga hesabu: handaki la futi mbili limekula karibu nusu kilo, nyumbani tunakunywa birika mbili kwa siku, tatu wageni wakija. Aliposema amina, nilikuwa nimeshavuka mstari wa Wajerumani.