Picha za Dhuluma Zisizo na Dhalimu

Kuna aina ya picha imenichosha. Mtoto mwenye macho makubwa na chozi moja linalong'aa shavuni. Ngumi iliyoinuliwa, mnyororo ukikatika, anga jekundu nyuma yake. Mama aliyejiinamia, wala hatuambiwi analia nini. Chini pamebandikwa jina zito, “Kilio cha Wanyonge” au linalofanana na hilo. Mtazamaji anafika, anatikisa kichwa, anasema “masikini”, kisha anakwenda zake kutafuta kinywaji. Amehuzunika kidogo, na huzuni ile imemthibitishia kwamba yeye ni mtu mwema. Hakuna aliyemgusa.

Mimi ni mchoraji, na msimamo wangu ni huu: ukimchora anayeumia peke yake, bila alama yoyote ya anayemuumiza, umechora msiba, hujachora dhuluma. Ukame nao unaua, na mafuriko pia. Dhuluma ina mwenyewe. Ina amri iliyotolewa, karatasi iliyotiwa saini, buti, ufunguo wa lango, daftari la anayefaidika. Huko ndiko brashi inakopaswa kwenda, na huko ndiko wengi wetu tunakokwepa, kwa sababu chozi halimkasirishi mtu, ilhali ufunguo una aliyeushika.

Simaanishi kila turubai liwe na kiongozi mwenye pembe za shetani. Hiyo tuwaachie wachora katuni, wametuzidi mbali katika fani hiyo. Turubai lina njia za polepole zaidi.

Chukua picha ya Francisco Goya ya mwaka 1814, ile ya wakazi wa Madrid wakipigwa risasi na askari wa Napoleon tarehe 3 Mei 1808. Wengi humkumbuka mtu mwenye shati jeupe aliyetandaza mikono. Mimi macho yangu huenda kwa askari. Wametupa mgongo, wamejipanga bega kwa bega, bunduki zao zote zimelala mlalo mmoja, na hakuna uso wa askari hata mmoja unaoonekana. Upande wa pili kila mtu anakufa kivyake: huyu kajifunika uso, yule kafumbata mikono anasali, mwingine kakodoa macho. Hapana maelezo yaliyoandikwa, lakini umeshaelewa jinsi dola inavyoua: inawavua wauaji nyuso kwanza, inawafanya safu. Halafu kuna ile taa iliyowekwa chini mbele ya askari, na mwanga wake unawamulika wanaouawa. Wauaji walichohitaji kuona ni shabaha tu.

Mwingine ninayemrudia ni Norman Rockwell, ambaye kwa miaka mingi Wamarekani walimjua kwa majalada ya magazeti yenye familia zenye furaha. Januari 1964 jarida la Look lilichapa picha yake ya msichana mweusi mwenye gauni jeupe akienda shule. Ni tukio la New Orleans, Novemba 1960: Ruby Bridges, mwenye umri wa miaka 6, akisindikizwa na maofisa wa serikali ya shirikisho kuingia shule ambayo hadi siku hiyo ilikuwa ya wazungu tu. Rockwell amewakata maofisa vichwa kwa ukingo wa picha, hivyo mtoto pekee ndiye mwenye uso. Ukutani kuna tusi la kibaguzi na nyanya iliyopasuka, maji yake yanachuruzika. Umati uliorusha nyanya hauonekani. Uko wapi? Tazama mahali nyanya ilipogonga, kisha fuata njia iliyopita kurudi nyuma. Umati uko hapo uliposimama wewe.

Huo ndio ufundi ninaouhusudu. Mtu alikuja kuhurumia, akajikuta amepangwa pamoja na warushaji.

Najua kuna atakayenikumbusha Guernica. Ni kweli, katika turubai lile la Pablo Picasso lenye upana wa karibu mita 8 hakuna ndege, hakuna rubani, hakuna sura ya Franco, jenerali aliyekuwa akipigania kuitawala Hispania kwa msaada wa Wajerumani na Waitalia. Kuna farasi, fahali, mama na maiti ya mwanawe. Lakini jina lake ni shtaka tosha. Mji wa Guernica ulipigwa mabomu na ndege za Wajerumani na Waitalia tarehe 26 Aprili 1937, na picha ilitundikwa mwaka huohuo katika banda la Hispania kwenye maonyesho ya kimataifa ya Paris. Aliyeliona jina alijua nani alipiga. Februari 2003, Colin Powell, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alipokwenda Umoja wa Mataifa kutetea hoja ya vita dhidi ya Iraki, nakala ya picha hiyo iliyofumwa kwa nyuzi, iliyotundikwa nje ya ukumbi wa Baraza la Usalama, ilifunikwa pazia la buluu. Ilielezwa kwamba ni kwa ajili ya kamera za televisheni. Sawa. Chozi moja shavuni lisingehitaji pazia.

Kinachotuangusha zaidi, kwa maoni yangu, ni uvivu wa kuchunguza. Habari inavuma asubuhi, jioni picha imeshapandishwa mtandaoni, kesho kutwa imesahauliwa pamoja na habari yenyewe. Théodore Géricault alikuwa bado kijana alipoamua kuchora mkasa wa Méduse, meli ya kivita ya Ufaransa, iliyokwama mwaka 1816 karibu na pwani ya Mauritania. Nahodha alikuwa amepewa cheo kwa utiifu wake kwa mfalme, ilhali alikuwa na takriban miaka 20 bila kuwa baharini. Watu wapatao 150 walijazwa kwenye chelezo kilichovutwa na mashua, kisha kamba zikaachiwa. Baada ya siku 13 waliokutwa hai walikuwa 15. Géricault aliwatafuta manusura akawahoji, akatengenezewa mfano wa chelezo na seremala aliyenusurika humo, akachora viungo vya maiti ili ajue nyama iliyokufa inakuwa na rangi gani. Turubai lake, karibu mita 5 kwa 7, liliingia kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1819 kwa jina la kawaida tu, tukio la ajali ya meli, na watu wakajua ni meli ipi na ni serikali ya nani. Aliye juu kabisa ya rundo lile, anayepunga kitambaa kuita msaada, ni mtu mweusi, wakati ambapo Ufaransa ilikuwa ingali na watumwa katika makoloni yake. Nahodha hayumo. Mbao na kamba zimeshamtaja.

Jacob Lawrence naye alishinda maktabani Harlem, mtaa wa watu weusi New York, akisoma kabla ya kukamilisha, mwaka 1941, picha zake ndogo 60 kuhusu Wamarekani weusi waliohama Kusini kwenda Kaskazini. Alikuwa na umri wa miaka 23. Moja inaonyesha mahakama: jaji mzungu kule juu kwenye meza yake, na watu wawili weusi wamesimama chini kabisa. Umbali kati yao ndio hukumu, kesi haijaanza hata kusikilizwa. Inayofuata ni ya mauaji ya kunyonga, na ndani yake hamna maiti. Kuna tawi, kitanzi kitupu, na mtu mmoja kajikunyata.

Kitanzi hicho kitupu ndicho ninachokifikiria kila ugomvi wa Dana Schutz unapotajwa. Mwaka 2016 Schutz, Mmarekani mzungu, alichora uso wa Emmett Till akiwa jenezani, kijana mweusi wa miaka 14 aliyeuawa Mississippi mwaka 1955. Picha ilipoonyeshwa katika jumba la sanaa la Whitney, New York, mwaka 2017, kuna aliyesimama mbele yake ili watu wasiione, na wapo waliotaka iharibiwe kabisa. Kuiharibu, hapana. Tukizoea kuchoma maturubai, wa mwanzo kuunguliwa watakuwa hawahawa wanaochora dhuluma. Ila wenye hasira walikuwa na hoja. Mama yake, Mamie, ndiye aliyeamua jeneza libaki wazi na picha zipigwe, ili taifa lione mwanawe alichofanyiwa. Kazi hiyo ilikuwa imekamilika. Mchoro wa miaka sitini baadaye ulirudi kwa mwili uleule na kuupaka rangi nzito. Wauaji, walioachiwa huru mahakamani na jopo la waamuzi wazungu watupu, hawamo, wala hakuna alama yao. Suala la rangi ya ngozi ya mchoraji ni halali na silikwepi, lakini mchoraji yeyote ningemuuliza kwa nini hakulichora jopo lile.

Kumchora mwenye nguvu kuna gharama, tusidanganyane. Afrika Kusini, mwaka 1962, Ronald Harrison alimchora Albert Luthuli, kiongozi wa chama cha ANC kilichopinga ubaguzi, kama Kristo msalabani, na askari wa Kirumi akawapa sura za Verwoerd, waziri mkuu, na Vorster, waziri wa sheria. Picha ilipigwa marufuku ikatoroshewa Uingereza, naye akakamatwa na kuteswa. Diego Rivera aliumia kidogo tu: alimweka Lenin, kiongozi wa mapinduzi ya kikomunisti ya Urusi, kwenye ukuta wa Rockefeller Center, majengo ya matajiri wa New York, mwaka 1933, akakataa kumfuta, akalipwa na kufukuzwa, na Februari 1934 mchoro ukavunjwa ukutani. Akauchora upya Mexico City. Kwa hiyo anayeamua kubaki na chozi lake simtukani, ana watoto na ana shingo. Asituambie tu kwamba anapambana.

Limebaki suala la fedha, ambalo sisi wachoraji hatupendi kuliongea. Fernando Botero, yule wa watu wanene, alichora mateso ya wafungwa wa Iraki mikononi mwa askari wa Marekani katika gereza la Abu Ghraib, na picha zikaonyeshwa Roma mwaka 2005. Walinzi karibu hawaonekani ndani yake: ni buti, ni mkono uliovaa glovu unaochomoza kutoka ukingoni. Baadaye alikataa kuziuza, nyingi akazitoa zawadi kwa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley. Alikuwa tajiri, aliweza. Sisi wenye kodi ya studio tutauza, na sioni dhambi. Ninachokikataa ni kumchukua mtu aliyeporwa ardhi au mwana, ukamchora kwa sura yake na mkasa wake bila kumuuliza, kisha picha ikauzwa naye hana hata habari. Hapo mkono unaochomoza kutoka nje ya fremu ni wa mchoraji.