Ganzi ya mikono kwenye baiskeli ya mbio: je, vishikio vipya vya gia ni dawa?

Mwendeshaji anayemaliza safari ndefu vidole vikiwa na ganzi hupewa mojawapo ya mashauri mawili. Wapo wanaomwambia abadilishe vishikio vya gia, yaani zile pembe mbili zilizovikwa mpira mbele ya usukani uliopinda, ambazo siku hizi hubeba breki na gia kwa pamoja. Wengine humwambia asitupe pesa, kwani kosa liko kwenye mkao wake. Kila upande una hoja nzito, na kwa kuwa vifaa hivi ni ghali, inafaa tuzipime kabla ya kumkabidhi fundi baiskeli.

Nianze na wanaopinga, maana mwili wenyewe unawaunga mkono. Ganzi ya kidole kidogo na cha pete hutokana na kubanwa kwa mshipa wa fahamu unaopita kwenye kitako cha kiganja, upande wa kidole kidogo. Ikishika gumba, kidole cha shahada na cha kati, mshipa unaohusika ni ule unaopita katikati ya kifundo cha mkono, na mara nyingi kifundo kimekaa kimekunjwa kwa muda mrefu. Katika hali zote mbili kinachobana ni uzito wa kiwiliwili. Kiti kikiinamisha pua, mwendeshaji huteleza mbele na mikono yake inageuka breki ya mwili mzima. Usukani ukiwa mbali au chini mno, matokeo ni yaleyale. Ongeza matairi membamba ya milimita 23 yaliyojazwa upepo hadi mwisho, na kila tundu la lami linafika kiganjani. Ukifunga vishikio vya bei yoyote ile juu ya mkao wa namna hiyo, ganzi itarudi.

Tena kuna marekebisho yasiyohitaji kununua zaidi ya utepe mpya wa usukani. Kishikio hushikiliwa na bendi yenye boliti moja. Ukifungua utepe na kulegeza boliti hiyo unaweza kukipandisha au kukishusha hadi mkono ulale juu yake bila kifundo kukunjika. Kukigeuza ndani kidogo tu huwasaidia baadhi ya watu, ingawa usiige waliokigeuza sana miaka ya karibuni. Wanamashindano walikuwa wanatafuta kupunguza upepo, wala si raha ya mikono, na shirikisho la kimataifa la baiskeli, UCI, liliweka kikomo kuanzia Januari 2024. Leva nyingi za kisasa, yaani ule mkono wa kishikio unaovutwa kwa vidole kukaza breki, pia zina skrubu ndogo ya kuisogeza leva karibu na usukani. Nasikitika kwamba watu wengi huuza baiskeli zao bila kujua kama skrubu hiyo ipo.

Hata hivyo, wanaosema "rekebisha mkao tu" hunikera pale wanapodhani mikono yote inalingana. Mwenye vidole vifupi, na wanawake wengi wamo humo, anaweza kukaa sawasawa kabisa na bado akalazimika kunyoosha kiganja kila anapotaka breki. Kwenye mteremko mrefu, kule kujinyoosha ndiko kunakochosha. Hapo tatizo ni umbo la kifaa, na watengenezaji wenyewe wanalijua: kampuni ya vifaa vya baiskeli ya Shimano, ambayo huvipanga vifaa vyake kwa madaraja yenye majina kama 105, Tiagra na Sora, imewahi kutengeneza leva za breki za mafuta (zinazosukumwa na mafuta badala ya kuvutwa na waya) kwa ajili ya mikono midogo, kama ST-R7025 ya daraja la 105 na ST-4725 ya Tiagra.

Umri wa kifaa nao una uzito wake. Shimano walileta gia na breki katika leva moja mwaka 1990, washindani wao Campagnolo wakafuata 1992. Kabla ya hapo gia za baiskeli nyingi za mbio zilikaa kwenye bomba la chini la fremu, ukitaka kubadili ulitoa mkono kwenye usukani. Baiskeli za aina hiyo bado zinafika kwetu kwenye mitumba, pamoja na zile za Sora za zamani zenye kitufe cha gumba ubavuni mwa kishikio, kitufe ambacho huwezi kukifikia vizuri ukiwa umeshika sehemu ya chini ya usukani. Anayetoka huko kwenda kwenye vishikio vya kisasa ataona tofauti siku ya kwanza. Breki za mafuta hupunguza nguvu ya kukaza vidole. Gia za umeme, ambazo Shimano waliziteremsha hadi daraja la 105 mwaka 2022, hubadilika kwa kubonyeza kitufe badala ya kusukuma leva. Kwa mwenye yabisi ya viungo vya vidole, hilo laweza kuwa jambo linalomwezesha kuendelea kuendesha.

Kwa anayenunua spea moja moja, gharama ndiyo ngoma nzito. Kishikio cha gia zisizo za umeme huvuta waya kwa kipimo maalumu, na kihamisha mnyororo cha nyuma lazima kilingane nacho. Kishikio cha SRAM, kampuni nyingine ya vifaa hivi, hakiendeshi vizuri kihamisha mnyororo cha Shimano cha barabarani. Hata ndani ya Shimano, Tiagra 4700 ina gia 10 nyuma lakini hailingani na vifaa vyao vya gia 10 vya kabla yake. Kwenda gia 11 kunadai pia meno ya nyuma na mnyororo mpya, na wakati mwingine gurudumu. Breki za mafuta za diski zinahitaji fremu yenye nafasi ya kuzifunga. Ununuzi ulioanza na vishikio viwili unaweza kuishia karibu na bei ya baiskeli nyingine.

Kipimo ninachokiamini ni kuangalia maumivu yanakuja lini. Kama mikono inakufa ganzi umeiegemeza tu, hujagusa breki wala gia, anza na kiti, urefu wa usukani, upepo wa matairi na mahali kishikio kilipofungwa, na uendeshe wiki kadhaa kabla ya kununua chochote. Kama inauma unapokaza breki au unaposukuma leva, anza na ile skrubu. Ikigoma, vishikio vipya ni matumizi halali, na kabla ya kulipa omba kushika vya mwenzako: weka kiganja juu ya mpira, nyoosha kidole cha shahada, uone kama kinaizunguka leva bila kiganja kuhama. Ganzi inayobaki siku kadhaa baada ya kushuka, au vidole vinavyoanza kukosa nguvu ya kushika, mpelekee daktari kwanza, fundi baadaye.