Mtetezi wa elimu maalumu aitwe kabla ya mkutano

Wazazi wengi wa Kiswahili walioko Marekani humtafuta mtetezi wa elimu maalumu, yaani mtu anayemsaidia mzazi kudai huduma za mtoto mwenye ulemavu shuleni, mambo yakishaharibika: shule imeshakataa, au mkutano wa shule wa kupanga huduma hizo ni kesho asubuhi. Kwa maoni yetu hapo wamechelewa. Kazi yake kubwa iko kwenye karatasi, wiki kadhaa kabla watu hawajaketi mezani.

Kwanza barua. Kumwambia mwalimu mlangoni kwamba mtoto hasomi hakuachi kumbukumbu yoyote. Mistari mitatu inatosha: "Mimi ni mzazi wa fulani, darasa la pili. Naomba afanyiwe tathmini kamili ya elimu maalumu, kwa sababu anasahau herufi alizofundishwa wiki iliyopita. Naomba nijibiwe kwa maandishi." Weka tarehe, baki na nakala. Shule ikikataa, IDEA, sheria ya Marekani ya elimu ya watoto wenye ulemavu, inailazimu kueleza sababu kwa maandishi. Ikikubali, ina siku 60 za kumaliza tathmini, isipokuwa jimbo limejiwekea muda wake, na siku hizo huanza kuhesabiwa mzazi anapotia saini ya ridhaa.

Kwa mtoto aliyekulia kambi ya wakimbizi kama Nyarugusu ya Tanzania, jibu la kawaida ni "tatizo ni Kiingereza tu, tusubiri." Ni kweli sheria inakataza kumhesabu mtoto kuwa ana ulemavu kwa sababu tu hajui Kiingereza. Lakini haikatazi kumpima. Mtetezi anayeijua kazi atamuuliza mama: alichelewa kuongea Kiswahili? Ukimwambia "chukua kikombe, kisha funga mlango," anafanya yote mawili au anasimama katikati? Majibu hayo hayamo kwenye faili la shule, kwa hiyo yaandikwe na kupelekwa.

Halafu omba rasimu ya IEP, yaani mpango wa elimu wa mtoto, mapema. Hapa ndipo watoto wengi wanapopunjwa, tena kwa lugha ya upole. "Ataboresha usomaji wake" si lengo, maana hakuna atakayejua kama limefikiwa. Lengo ni hili: akipewa kifungu cha darasa la pili, atasoma kwa usahihi maneno 70 kwa dakika, mara 4 kati ya 5, ifikapo mwezi Mei. Na lazima iandikwe pia anasoma mangapi leo; kama leo ni 65, lengo la 70 kwa mwaka mzima ni dogo mno. Tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Endrew F., mwaka 2017, maendeleo ya kiduchu hayatoshi kisheria. Ukikuta huduma imeandikwa "kadiri itakavyohitajika," dai dakika: tiba ya usemi, dakika 30, mara 2 kwa wiki.

Mkutanoni, shule ndiyo inayoleta mkalimani. Dada wa mtoto mwenye miaka 14 asibebeshwe kazi hiyo. Na ile "sawa, sawa" yetu ya kumheshimu mwalimu huandikwa kuwa umekubali. Sema tu: "Nitausoma nyumbani kwanza." Kabla ya kutia saini, uliza kama ni ya mahudhurio au ya ridhaa.

Kuhusu malipo, kazi hii haina leseni ya serikali kuu, kwa hiyo anayekuahidi ushindi mwepuke. Kila jimbo lina angalau kituo kimoja cha mafunzo kwa wazazi kinachogharimiwa na serikali kuu. Anzia huko, ni bure.

Mpango ukishapita, wengine humuaga mtetezi. Sisi tungembakiza mwezi mmoja awe mshauri wa familia, amzoeze mzazi kushika daftari: kila Ijumaa, tiba ngapi zilifanyika, ngapi zilikosekana na kwa nini. Zikikosekana wiki 2 mfululizo, barua pepe iende siku hiyohiyo, ikiuliza zitafidiwa lini.