Wadogo wanachekiwa, wakubwa wanapita

Juma iliyopita nimepata imeili ya kampuni inayochunguza watu kabla hawajaajiriwa, hapa Uingereza, wananiambia refransi yangu ya Goma kule Kongo, yaani ushuhuda wa patron wangu wa zamani, haikubaliki. Sababu yenyewe: adresi ya aliyenijibia inaishia na Gmail. Wanataka adresi ya kampuni ao namba ya simu ya mezani. Simu ya mezani, Goma! Ile ONG, shirika la misaada, niliyoifanyia lojistike kule Himbi, yenye depo, yenye muhuri, yenye madreva waliokuwa wanasaini fishi za stoki mbele yangu kila asubuhi, kwao ni kama haikuwepo. Wakaongeza tena wanataka kazye jidisiere, ile barua ya tribinali inayoonyesha kama ulishahukumiwa, ya kila nchi niliyokaa miezi 6 ao zaidi ndani ya miaka 5. Ninyi wa Goma munajua tribinali iko namna gani tangu M23 washike muji Januari 2025, sitaeleza.

Niseme wazi, sikukasirika juu wananicheki. Mutu anayekataa kuulizwa alitoka wapi, mimi mwenyewe namuogopa. Na kuna kitu hapa ninakipenda kwa moyo wote: hakuna aliyeniuliza baba yangu ni nani, kabila gani, nani amenituma. Kwetu hayo maswali matatu njo interview yenyewe. Kinachoniuma ni kwamba ule ukali wote uko chini tu, kwa mutu wa depo, wa usafi, wa kubeba wazee, na kadiri unavyopanda ngazi unapoa.

Mwezi huo huo, kwenye buro hiyo hiyo ninayochekiwa kwa ajili yake, amekuja bwana mmoja kuongoza operasio kwa muda, analipwa kwa siku, ana kampuni yake ndogo ya mutu mmoja. Nikamuuliza dada wa HR kama na yeye alitumiwa zile fomu. Akaniambia hapana, huyu amekuja kupitia ajensi, ajensi njo inacheki. Ajensi nayo, kama ulishawahi kufanya kazi nayo utajua, inakwambia yule ni mutoa huduma, siyo mufanyakazi wetu, mwenye kampuni ni yeye mwenyewe. Sasa nani amepiga simu? Kila mutu anaamini mwenzake amepiga. Simusemi yule bwana vibaya, labda ni mutu safi kabisa, lakini usafi wake hakuna aliyeutafuta, na wangu mimi unatafutwa mpaka leo.

Kuna wenye watasema naongea kwa uchungu tu. Basi tuache yangu. Jon Andrewes, hapa hapa Uingereza, alipewa mwaka 2004 kuongoza nyumba ya kutunza wagonjwa mahututi kule Taunton, baadaye akakuwa mwenyekiti wa bodi za hospitali za serikali, watu wanamuita Dokta, na zile digrii alizoandika kwenye sivi hazikuwepo. Alifungwa miaka 2 mwaka 2017. Zaidi ya miaka 10 anasaini! Na kupiga simu universite kuuliza kama mutu fulani alisoma pale ni kazi ya dakika chache. Marekani, Scott Thompson alikuwa mukubwa wa Yahoo, sivi yake inasema alisomea kompyuta na yeye alisomea kontabilite tu, yaani uhasibu, na aliyegundua mwaka 2012 hakuwa kampuni ya kuchunguza, alikuwa mwekezaji aliyekuwa anagombana na bodi. Kama hakuna ugomvi, huenda angekaa.

Na kwa watu wa kontra, yaani wa mukataba, ni mubaya zaidi, juu uchunguzi wenyewe umeuzwa kwa kontra. Kulikuwa na kampuni ya Marekani, USIS, ilikuwa inalipwa na serikali kuchunguza watu wa kazi za siri. Serikali ikaishitaki kwamba kati ya 2008 na 2012 ilituma faili zisizopungua 665,000 ikisema zimekamilika na hazijakamilika. Walikuwa wanalipwa kwa faili, siyo kwa ukweli. Mujeshi mmoja wa majini, Aaron Alexis, alipita kwa mikono yao mwaka 2007. Kule Seattle mwaka 2004 alipiga risasi matairi ya gari ya mutu, lakini kwenye ripoti iliyofika kwa wakubwa iliandikwa alitoa tu upepo kwenye matairi. Bunduki haimo. Mwaka 2013 akiwa mufanyakazi wa kampuni ndogo iliyo chini ya kampuni kubwa, akaingia Navy Yard, kambi ya jeshi la majini pale Washington, na kadi yake halali, akaua watu 12.

Sasa, refransi. Hapa kampuni nyingi siku hizi zinaandika mistari mitatu tu: alianza siku fulani, alimaliza siku fulani, cheo chake kilikuwa hiki. Wanaogopa kushitakiwa. Na mukubwa akigombana na kazi, anaondoka na avoka, mwanasheria wake, wanasaini makubaliano, na maneno ya barua ya refransi yanapangwa pamoja kabla hajatoka mlangoni. Kwa hiyo mukubwa refransi yake ameiandika yeye kwa nusu, na mimi yangu inakataliwa juu ya Gmail.

Kwetu ukitaka zamu wa parsele, yaani mulinzi wa nyumba, Mama hamupi funguo hivi hivi. Anauliza nani amekuleta, anatuma mutoto Ndosho kuuliza kwa patron wa zamani, anaongea na jirani wa patron, na huyo jirani njo anasema ukweli: ni mwaminifu lakini akilewa halindi. Hiyo ni habari! Hakuna imeili ya hapa iliyowahi kuleta habari kama hiyo.

Tayari nasikia: "Umefika Ulaya unataka kutufundisha. Kama kwetu ni vizuri, rudi." Sikusema kwetu ni vizuri. Yule Mama anayefukua zamu mpaka mizizi, mume wake anaajiri kordineta kwa simu moja iliyotoka Kinshasa. Kesiye, mutunza pesa, analeta mutu wa kumusimamia, dirkta analeta jina la mujomba. Sisi na wao tumefanana pale pale juu, na njo kitu kinanichokesha kusikia vijana wa kwetu wakisema kwa wazungu kila kitu kinachekiwa. Hapana yaya, hakichekiwi. Kinachekiwa kile ambacho kina adresi ya imeili.

Na musiniambie haya ni mambo ya Ulaya hayatuhusu. Yule mukurugenzi wa shirika la misaada la Oxfam kule Haiti aliondoka 2011 baada ya uchunguzi wa ndani juu ya mambo ya ngono, na 2012 Action contre la Faim, shirika lingine la misaada, wakamupa kuongoza Bangladesh, baadaye wakasema hakuna aliyewaonya. Oxfam inasaidia kwetu pia, na Action contre la Faim pia. Mwaka 2019 mashirika ya misaada yakaanzisha mupango wa kuambiana, ukimuajiri mutu unauliza wazi kwa waliomuajiri miaka 5 ya nyuma kama alikutwa na kosa la kunyanyasa kingono, na wao wanajibu ndiyo ao hapana. Kitu kidogo hivyo, na ilibidi kashfa ilipuke kwanza.

Ebola ya Beni na Butembo, 2018 mpaka 2020, munaikumbuka vizuri kuliko mimi. Tume iliyotoa ripoti Septemba 2021 ilihesabu watu 83 wanaoshukiwa kuwanyanyasa wanawake, 21 kati yao wa OMS, shirika la afya la dunia, na wengi walikuwa Wakongomani wenzetu wa kontra fupi, waliochukuliwa haraka haraka juu ugonjwa haungoji. Nakubali haungoji. Lakini hawa ni watu waliopewa nguvu ya kugawa kazi kwa wanawake wenye njaa, na kila mmoja wao alikuwa na avenye alikokaa, patron wa zamani, majirani. Aliyesaini kontra zao alituma nani kwenda kuuliza?