Sanaa na afya ya uzazi: Kanada kijana anatunga, kwetu anatazama

Tanzania elimu ya afya ya uzazi ikiletwa kwa sanaa, kila mtu anajua itakavyokuwa. Gari la matangazo linaingia uwanjani, ngoma inapigwa ili watu wakusanyike, wachekeshaji wanaigiza binti wa shule aliyerubuniwa kwa chipsi na lifti ya bodaboda, anapata mimba, baba anamtimua, kisha mmoja anashika kipaza sauti na kutoa ujumbe. Watu wanacheka, waliobahatika wanapata fulana, basi. Huku Kanada, kwenye programu za vijana wa Mataifa ya Kwanza, Inuit na Métis, yaani wenyeji wa asili wa nchi hii, anayelengwa na elimu ndiye anayetunga. Kwa maoni yangu hapo ndipo kazi inapofaa au inapoharibika. Na wala si ujuzi wa kigeni kwetu.

Kwanza ieleweke kwa nini huku walilazimika kufundisha hivyo. Kuanzia 1885 hadi 1951 sheria ya Kanada ilipiga marufuku potlatch, sherehe kuu ya watu wa pwani ya magharibi. Watoto wa wenyeji walichukuliwa kwenda shule za bweni za serikali na makanisa, wakakatazwa lugha zao, na wengi wakanajisiwa na watu waliopaswa kuwalea. Za mwisho zilifungwa miaka ya 1990, na tume ya ukweli iliyochunguza shule hizo ilitoa ripoti yake 2015. Mnyororo wa mafunzo ukakatika. Kwa Waanishinaabe, mojawapo ya Mataifa ya Kwanza, msichana akivunja ungo alikuwa anajizuia kula matunda ya porini mwaka mzima huku akifundwa na wanawake wakubwa. Sasa bibi aliyepelekwa bweni akiwa mtoto hakufundwa, na neno lolote la mwili linamrudisha kwenye mateso ya bweni. Muuguzi wa serikali akija kwa familia hiyo na boksi la kondomu na chati ya via vya uzazi, asishangae kukuta kimya.

Njia mojawapo inayotumika ni mchoro wa mwili, kijana analala juu ya karatasi na mwenzake anachora kuzunguka umbo lake, na hii imetoka Afrika: ilikuzwa Cape Town 2002 na watu walioishi na VVU. Kundi liwe la vijana 8 hadi 12. Karatasi ya roli yenye upana wa sentimita 90 haitoshi mikono, kwa hiyo unaunga vipande viwili vya mita 2, na gundi ya karatasi unaibandika upande wa nyuma, maana ukiibandika mbele rangi haishiki juu yake. Anayelala huchagua mkao na huchagua nani amchore. Kalamu isimame wima. Ikilala inaingia chini ya mwili na umbo linatoka jembamba kuliko mwenyewe. Katikati ya miguu hakuna kuchora: unaishia magotini, mwenyewe anaunganisha mistari akishaamka. Wapo wasiotaka kabisa kulala chini mbele ya watu, na kwa aliyewahi kudhulumiwa hilo si jambo dogo, hivyo weka tayari maumbo yaliyochorwa tangu nyumbani. Ukisahau hayo maumbo utawapoteza vijana waliokuhitaji kuliko wote. (Kwetu ukitandika mkeka chini ya karatasi, mistari itatoka na makunyanzi, tanguliza maboksi yaliyokunjuliwa.)

Kisha yanakuja maswali, na hapa pasiharakishwe. Unaanza na yasiyochoma: nguvu zako zinakaa wapi, nani alikufundisha nini kuhusu sehemu hii. Baadaye ndiyo afya. Unawaambia, weka alama mahali utakapojua kwamba una klamidia, ugonjwa wa zinaa. Karibu wote huweka sehemu za siri. Hapo unaeleza kwamba wengi wenye klamidia hawaoni dalili yoyote, wanawake hasa, na kwamba alama sahihi kwa wengi ni karatasi tupu. Swali linafuata lenyewe: sasa nitajuaje? Kipimo ni mkojo kwenye kikopo, ule wa mwanzo, baada ya kukaa angalau saa moja bila kukojoa. Wengi wamezoea kuambiwa watoe wa katikati, kwa kuwa ndivyo inavyofanyika kwa UTI, na huwa wanakosea. Elimu hiyo kijana ameifikia kwa mkono wake, hakuihubiriwa.

Njia nyingine ni maigizo shirikishi, yaliyoanzishwa na Augusto Boal, Mbrazili, miaka ya 1970. Kisa kiwe cha dakika 5 hadi 10 na kiishie vibaya. Kinarudiwa, mtazamaji anapaza sauti "simama," anaingia nafasi ya anayeonewa, anajaribu njia yake. Makosa ni yale yale kila mahali. La kwanza, kumruhusu mtu achukue nafasi ya mwonevu: anamgeuza kuwa mwema ghafla, kisa kinakwisha, hakuna aliyejifunza kukataa. La pili, kuigiza ubakaji wenyewe. Hauigizwi, kisa kinaishia kabla, kwenye ujumbe wa simu au mlango unaofungwa. La tatu, kumwacha aliyeigiza mwonevu aende nyumbani na jina hilo, watoto wakimwita hivyo mtaani. Mwisho wa kikao avue uhusika: ajipanguse mwili, ataje jina lake halisi mbele ya wote. Chumbani huwepo mzee wa jamii na mshauri nasaha, na chumba cha pembeni kwa atakayetoka analia.

Kwetu je? Tulikuwa na unyago na jando, shule ya mwili iliyofundisha kwa ngoma, nyimbo na hata vinyago vya udongo. Hans Cory, mtafiti wa mila, alivikusanya na kuviandika enzi za Tanganyika. Siupambi unyago. Sehemu nyingi unamfunda mwali kumridhisha mume na hausemi lolote juu ya haki yake ya kukataa, na siku hizi unasogezwa likizo za shule, wanaingizwa watoto wasiojua hata hedhi. Lakini kungwi na somo wapo, na vijana wa huku wangetoa chochote wawe na shangazi wa aina hiyo aliyebaki. Mwaka 1996 walimu wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha Tuseme: wasichana wa sekondari wanachambua wenyewe yanayowasumbua, mwalimu anayewataka kimapenzi akiwemo, wanatunga igizo na kulicheza mbele ya walimu hao hao. Imesambaa nchi nyingi za Afrika. Tungeweza kuwafundisha Wakanada, ila fedha nyingi bado zinakwenda kwenye gari la matangazo, kwa sababu umati uwanjani unahesabika na mfadhili anapenda namba.

Jingine la kuiga upesi ni umiliki. Tangu 1998 Mataifa ya Kwanza wana kanuni kwamba takwimu na kazi zinazowahusu ni mali yao, na wao ndio wanaoamua nani azione. Kijana anatoa ridhaa mara mbili: ya kushiriki, na nyingine mwishoni ya kuonyesha, akishajua alichotoa. Katika kijiji cha watu 400 kuficha sura hakusaidii, sauti tu na viatu vinamtaja mtu. Kwetu binti anarekodiwa akilia, video inapanda mtandaoni wiki hiyo hiyo, na fomu alisaini mwalimu mkuu. Mchoro wa mwili nao wake: auchukue, auchome, au auache ofisini kwa tarehe aliyoandika mwenyewe. Kwenye bajeti weka nauli, chakula na posho ya kungwi na mshauri kabla ya fulana. Bila chakula, saa tatu za kuchora hazifiki nusu.