Butura ya Kagera na butura ya Lincolnshire: kuuza zao likiwa shambani

Ndugu wakiniuliza huko Uingereza nafanya kazi gani, huwa najibu "biashara ya kahawa", na hapo ndipo maswali yanapoanza. Mjomba anataka kujua ghala langu liko wapi. Shangazi anauliza mbona sijawahi kumletea hata kilo moja. Nikieleza kwamba karibu miaka thelathini nimekuwa nikinunua na kuuza haki ya kuuza kahawa kwa bei fulani, si kahawa yenyewe, wanatazamana, halafu mmoja anasema taratibu: kumbe ni kamari.

Siwalaumu. Kuna siku soko lenyewe linawapa ushahidi. Tarehe 20 Aprili 2020 mafuta ghafi ya Marekani yalifunga siku kwa dola 37.63 chini ya sifuri kwa pipa. Matangi yalikuwa yanakaribia kujaa, na mwenye mkataba akawa anamlipa mwenzake ili ayachukue. Jaribu kumweleza hilo mzee wa Muleba, kule kwetu Kagera.

Nilianza kama karani, enzi ambazo biashara hii ilikuwa ya kupiga kelele ukumbini, watu wamevaa makoti ya rangi. Kiganja kikikutazama mwenyewe unanunua, kikitazama nje unauza. Mwaka 2000 ukumbi ukafungwa, tukahamia kwenye skrini. Wengi niliofanya nao kazi hawajawahi kuona mti wa kahawa, wala hawajui kwamba kwetu kahawa ya robusta hupikwa, hukaushwa na kutafunwa, na mgeni huwekewa kabla hajaulizwa kilichomleta. Wao wanaionja kwa kijiko, wanaitema.

Nyumbani nako tunawakosea. Tunadhani mkulima wa Ulaya ana hela mwaka mzima. Nenda Lincolnshire, eneo la mashamba huko Uingereza, mwezi wa tatu, ngano ingali kijani. Mwenye shamba ameshakopa mbolea na dizeli, mavuno ni Agosti. Anafanya nini? Anauza sehemu ya ngano ambayo bado haijatoa masuke. Akitaka, mfanyabiashara wa nafaka anampa mkataba wenye bei ya chini kabisa: anakatwa pauni chache kwa tani, lakini bei ikianguka hashuki chini ya pale walipokubaliana, na ikipanda anapanda nayo. Yule mfanyabiashara naye hakai na hofu hiyo, anaihamishia soko la London, ambako mkataba mmoja wa ngano ni tani 100. Zile pauni chache ndizo bei ya opsheni, yaani ile haki ya kuuza kwa bei fulani. Kazi yangu ilikuwa kukadiria ziwe ngapi.

Huyo ameuza zao likiwa shambani. Ni butura kabisa, na hakuna mkuu wa wilaya anayekuja kumtisha kama kwetu.

Sasa tazama ya kwetu. Ni Januari, mtoto amechaguliwa kidato cha kwanza. Ada imefutwa, sawa, lakini sare, godoro la bweni na madaftari havijafutwa. Baba anakwenda kwa mtu mwenye hela hapo hapo kijijini. Yule mtu anaingia kibanjani, shamba la nyumbani, anapita chini ya migomba, anainua tawi moja la mbuni, analitazama, anatazama la pili, anataja bei. Hakuna mnunuzi mwingine wa kubishana naye. Inaandikwa kwenye daftari la shule mbele ya mashahidi wawili. Kahawa ikiiva, anayekuja na magunia ni yeye.

Viongozi wamekemea butura miaka nenda rudi, wanunuzi wametishiwa jela, na bado ipo. Itakuwepo hata kesho, kwa sababu shida ya Januari haisubiri mnada wa kahawa.

Nikiitazama kwa macho ya kazi yangu, ubaya wa butura si kuuza mapema. Ubaya ni kwamba mkulima anakopa na anauza bei ya baadaye kwa mkupuo mmoja, kwa mtu mmoja, bila kujua kila kimoja kimemgharimu kiasi gani. Mwenzake wa Lincolnshire anakopa benki, anauza ngano kwa mfanyabiashara, na hofu ya bei anailipia peke yake, kwenye mstari wake katika ankara.

Tuseme maganda, yaani kahawa iliyokaushwa kabla ya kukobolewa, yanatarajiwa kuuzwa shilingi 4,000 kwa kilo wakati wa msimu. Kwenye butura anapewa 1,500 leo na mengine yote si yake. Sasa tuseme chama chake cha ushirika kimemnunulia haki ya kuuza kwa 4,000, gharama yake 300. Bei ikishuka hadi 2,500, haki hiyo inafidia pengo, anabaki na 3,700. Ikipanda hadi 5,500, karatasi inatupwa, anauza sokoni na kubaki na 5,200. Na benki ikijua bei haiwezi kushuka chini ya hapo, ina sababu ya kumkopesha Januari.

Kushuka huko si hadithi. Robusta ilikuwa chini ya dola 500 kwa tani pale London mwaka 2001. Mwaka 2024 ilipita 5,000. Mibuni ni ile ile.

Mkulima mmoja hawezi kuingia London, maana mkataba wa robusta ni tani 10 za kahawa safi, iliyokobolewa, yaani kama tani 20 za maganda. Chama kikuu cha ushirika kinaweza. Benki ya Dunia ilijaribu njia hii na vyama vya kahawa vya Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hiyo si ndoto ya mtu aliyekaa sana ughaibuni.

Msidhani nawapigia debe Waingereza. Huku, usipoweka dhamana ambayo soko linakudai jioni, kesho yake mikataba yako inauzwa na hakuna shemeji wa kumpigia simu. Nimeona wanaume wenye nyumba tatu wakibaki na mabegi, na ndugu zao wakasikia baada ya mwaka. Kwetu hasara ya mmoja inazungushiwa daftari la michango. Ila ukoo unaweza kubeba msiba wa nyumba moja. Bei ikianguka, inaangukia nyumba zote siku hiyo hiyo, na hakuna wa kumchangia mwenzake.

Nilipomweleza binamu yangu haya yote, alisikiliza hadi mwisho, kisha akanishauri nirudi na mtaji ninunue butura mwenyewe. Kwa hesabu hajakosea: kugeuza 1,500 kuwa 4,000 ndani ya miezi sita ni faida ambayo wenzangu wa London wangeiota tu. Walio na hela hiyo wako kijijini tayari, na baadhi yao ndio wanaokaa meza ya mbele kwenye mkutano wa chama. Wao hawatainua mkono kuunga mkono opsheni.